Rangi tunayoikanyaga Mbinga

*Udongo mwekundu wa Umatengo una madini yaleyale yanayotiwa kwenye rangi za viwandani. Swali ni namna ya kuyatumia, hasa yakiwa chembe ndogo kupita kiasi, bila kumuumiza fundi wala ziwa.*

Barabara ya lami inayotoka Mbinga, mkoani Ruvuma, kwenda Mbamba Bay ina urefu wa kilomita 66, na sehemu kubwa ya safari hiyo ni mteremko, kutoka milima ya Umatengo yenye kahawa na mashamba ya ngolo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa ambao hauvuki mita 500 juu ya usawa wa bahari. Pale katapila zilipokata mlima kupisha barabara, ukuta wa udongo umebaki wazi na tabaka zake zinasomeka kwa macho: juu weusi wa mboji, chini yake hudhurungi, kisha njano kama ya manjano mabichi, kisha nyekundu iliyokolea, ile tunayoiita damu ya mzee. Masika yakipiga ukuta huo, maji ya mtaroni hutiririka mekundu, na kitambaa cheupe kikilowa maji hayo hakitakati tena sawasawa, ukifue kwa sabuni gani.

Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ya Mbinga mjini, madini hayohayo yamo ndani ya makopo. Fundi wa kuchomelea anayetengeneza geti huulizia redi oksaidi, rangi ya kwanza inayopakwa kwenye chuma kabla ya rangi ya mwisho. Wekundu wa rangi hiyo unatokana na oksidi ya chuma. Bati nyingi nyekundu, matofali ya kutandika uani na rangi za maji za kahawia na za udongo hupata rangi yake kwa oksidi hiyohiyo. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya unga wa rangi unaotumiwa na viwanda vyetu huagizwa kutoka nje, ukasafiri baharini, ukapakiwa kwenye malori, ukapandishwa milimani kuja kuuzwa juu ya ardhi iliyosheheni unga wa aina hiyo.

Makala haya yanatetea jambo moja. Rangi ya chuma inafaa kupewa nafasi ya kwanza katika majengo yetu ya umma na katika useremala wetu, na chembe zake ndogo kabisa, zinazoitwa chembe za nano, zina kazi ambayo rangi ya kawaida haiiwezi. Lakini chembe hizo ziruhusiwe kuingia karakana zetu zikiwa uji tu, zimeloweshwa tayari. Zikija kama unga mkavu, zikataliwe getini. Kati ya wanaosema nano ni sumu na wanaosema nano ni maendeleo, pande zote mbili zinaruka swali la msingi: chembe hiyo iko katika hali gani inapomfikia mtu?

> Chembe za nano ziingie karakana zetu zikiwa uji. Zikija kama unga mkavu, zikataliwe.

Ukubwa unavyobadili rangi

Madini mawili yanatosha kueleza karibu rangi zote za ule ukuta wa barabarani. Hematiti ni oksidi ya chuma isiyo na maji ndani yake, nayo ni nyekundu. Gothiti ina maji yaliyofungwa ndani ya umbo lake, nayo ni ya njano hadi hudhurungi. Moja hugeuka nyingine kwa moto. Udongo wa njano ukikaushwa, ukatandazwa juu ya kipande cha bati na kuwekwa kwenye jiko la mkaa, huanza kugeuka pembeni, kwanza rangi ya chungwa, kisha nyekundu, muda mrefu kabla bati lenyewe halijawaka. Kati ya nyuzijoto 200 na 300 za Selsiasi gothiti hupoteza maji yake ikawa hematiti. Ndiyo sababu tofali linaloingia tanurini likiwa la kahawia hutoka jekundu. Na ndiyo sababu majengo ya tofali za kuchoma ya Wabenediktini waliofungua misheni ya Peramiho mwaka 1898 bado ni mekundu. Rangi nyingi hufifia kwa sababu jua na hewa huvunjavunja umbo la kemikali zake. Chuma kilichomo kwenye hematiti kimekwisha kushiba oksijeni, na hakuna kilichobaki cha kuharibiwa kwa njia hiyo.

Jambo la pili ni ukubwa. Nanometa moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanometa. Mwanga tunaouona una mawimbi ya nanometa 400 hadi 700 hivi, na chembe inayokaribia nusu ya wimbi hilo hutawanya mwanga kwa nguvu kubwa. Unga wa kawaida wa rangi husagwa kufikia ukubwa huo, na ndiyo maana mikono miwili ya rangi hufunika ukuta mchafu. Hata ndani ya hematiti peke yake ukubwa hupanga rangi: chembe za nanometa 100 hivi huleta wekundu unaoelekea chungwa, za nanometa 700 huelekea zambarau. Ukishuka zaidi, hadi nanometa 10 au 50, chembe haiwezi tena kuutawanya mwanga, ukapita. Rangi inageuka kuwa angavu, unaona kilicho nyuma yake. Hata hivyo madini ni yaleyale, na yanaendelea kunyonya mwanga wa bluu pamoja na miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayounguza ngozi na kuchakaza mbao.

Yafaa kusema mapema kwamba chembe za namna hii hazikuvumbuliwa na maabara. Udongo mwekundu wa nchi za joto umejaa oksidi za chuma zilizo chini ya nanometa 100 kwa asili yake. Ndizo zinazong'ang'ania fosfati ya mbolea, hata mkulima wa mahindi akashangaa mfuko mzima umeingia shambani na mimea haijanawiri. Mkulima wa Mbinga amekuwa akipambana na chembe za nano kila msimu bila kuambiwa jina lake.

Matumizi yake kama rangi nayo ni ya kale. Huko Olorgesailie nchini Kenya, watafiti walitangaza mwaka 2018 kwamba wamepata mawe ya rangi yaliyochakatwa na watu karibu miaka 300,000 iliyopita. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika vilima vya Chongoni wilayani Dedza, Malawi, kuna michoro ya miambani iliyopakwa kwa wekundu wa chuma. Kondoa kwetu ina michoro kama hiyo, na maeneo yote mawili yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka uleule, 2006. Michoro hiyo imekabili hali ya hewa vizazi kwa vizazi, na bado inasomeka. Hakuna kampuni ya rangi inayoweza kuonyesha majaribio marefu kiasi hicho.

Njano yenye risasi

Sababu ya kwanza ya kuitetea rangi ya chuma ni ile inayoshindana nayo. Njano kali na nyekundu kali za rangi ya mafuta kwa miaka mingi zimetengenezwa kwa kromati ya risasi, kiungo cha bei nafuu chenye mng'ao mkubwa na uwezo wa kufunika vizuri. Risasi ni sumu ya ubongo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kilichothibitika kuwa salama kwa mtoto. Haimpati mtoto kwa kuutazama ukuta. Inampata rangi inapochakaa, ikawa vumbi na magamba sakafuni, na mikono ikaenda mdomoni. Mwaka 2011 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) na Shirika la Afya Duniani waliunda umoja wa kimataifa wa kuiondoa risasi kwenye rangi, na kiwango wanachopendekeza ni kisichozidi sehemu 90 kwa milioni. Hapa nchini shirika lisilo la kiserikali la AGENDA limekuwa likinunua rangi madukani na kuzipima, na vipimo vyake vimeonyesha rangi za mafuta zilizovuka kiwango hicho, njano zikiwa miongoni mwa zinazotia wasiwasi zaidi.

Njano ya gothiti haina risasi wala kromiamu ndani ya umbo lake. Pingamizi la wauzaji ni kwamba haina uhai, imepoa mno, mteja anayetaka njano ya limau hawezi kuuziwa njano ya udongo. Hilo ni kweli kwa mteja wa geti lake mwenyewe, na hata yeye anaweza kuridhishwa kwa kuchanganya njano ya chuma na viungo vya kisasa visivyo na risasi, ingawa bei itapanda kidogo. Kwa majengo ya umma pingamizi hilo halina uzito. Darasa la shule ya msingi halihitaji njano inayong'aa kutoka barabarani. Zahanati haihitaji. Anayeandika zabuni ya kupaka rangi shule hamsini anaweza kuandika mstari mmoja, njano ya oksidi ya chuma, na soko la njano ya risasi likapungua kwa shule hamsini bila polisi wala faini. Niongeze tahadhari: risasi huingia pia kwenye rangi kupitia vikaushio, yale matone yanayotiwa ili rangi ya mafuta ikauke haraka. Kubadili unga pekee hakumalizi kazi. Kopo lenyewe lazima lipimwe.

Mlango wa mninga

Hadi hapo unga wa kawaida unatosha, na mtu ana haki ya kuuliza nano inatafutiwa nini. Jibu liko kwenye mbao.

Seremala anayetengeneza mlango wa mninga anauza nyuzi za ule mti, wekundu wake na mistari yake. Akiupaka rangi ya kufunika, ametupa thamani. Kwa hiyo anapaka vanishi, na mlango ukiwekwa ndani ya nyumba unadumu. Ukiwekwa nje, kwenye kibaraza kinachoelekea ziwa, mambo hubadilika. Vanishi isiyo na rangi hupitisha miale ya urujuanimno moja kwa moja hadi kwenye mti. Miale hiyo huvunja lignini, ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mbao. Uso wa mti chini ya vanishi hulegea na kuwa unga, na vanishi, ambayo yenyewe bado nzima, inakosa pa kushika. Kinachoonekana kwa macho ni magamba yanayobanduka na mti wa kijivu chini yake. Mwenye nyumba humlaumu fundi kwa kupaka vibaya, fundi humlaumu mwenye duka kwa kuuza vanishi mbovu, kumbe kosa ni la mwanga uliopita pale usipotakiwa.

Hapa ndipo oksidi ya chuma ya nano inapofanya kazi ambayo hakuna unga wa kawaida unaoweza kuifanya. Ikitiwa kwa kiasi kidogo kwenye vanishi, inaacha mwanga unaoonekana upite ili nyuzi zionekane, na inazuia miale inayoharibu. Mti unapata wekundu au unjano kidogo, jambo linaloufaa mninga na hata kuupendezesha mkaratusi na msindano. Teknolojia hii si ngeni kwingineko. Oksidi angavu za chuma zimetumika kwa miaka mingi kwenye rangi za magari zenye mng'ao wa metali na kwenye rangi za mbao za nje. Kwa mwambao wa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, ambako milango, madirisha, viti vya nyumba za wageni na boti za mbao hupigwa na jua moja kwa moja na tena na mwanga unaoakisiwa na maji, faida yake ni ya kila siku. Mti unaodumu mara mbili ni mti mmoja usiokatwa msituni.

> Vanishi isiyo na rangi hupitisha miale hadi kwenye mti. Mti hulegea chini yake, na lawama humwangukia fundi.

Hofu ya mapafu

Wanaotilia shaka wana hoja nzito, na haifai kuipita juu juu. Chembe ikiwa ndogo kiasi hicho, ikivutwa kwa pumzi, inaweza kufika ndani kabisa ya mapafu, mahali ambapo makamasi ya koo hayawezi kuinasa na kuirudisha. Jumla ya uso wake ni kubwa mno kwa uzito uleule, kwa hiyo ina nafasi zaidi ya kugusana na seli. Kiungo kingine maarufu, dioksidi ya titani, unga mweupe ulio katika karibu kila rangi nyeupe, kiliwekwa na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani (IARC) kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, ushahidi ukitokana na kuvutwa kwake kama vumbi. Umoja wa Ulaya uliuondoa kwenye vyakula mwaka 2022. Oksidi ya chuma imo kwenye kundi la 3 la IARC, na lazima tuseme kundi hilo linamaanisha nini: ushahidi hautoshi kuhukumu. Sio cheti cha usalama.

Lakini tukitaka kujua ni nani hapa Mbinga anayevuta oksidi ya chuma ya nano, hatuna haja ya kusubiri kiwanda cha rangi. Ni fundi wa kuchomelea. Moshi unaopanda kutoka kwenye ncha ya fimbo yake ni metali iliyochemka, ikapoa hewani na kuungana na oksijeni, na sehemu kubwa ya chembe zake ni oksidi za chuma zilizo chini ya nanometa 100. Mwaka 2017 wataalamu wa IARC waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, ingawa moshi huo una metali nyingine pia na haistahili kuibebesha oksidi ya chuma lawama yote. Vijana wengi hufanya kazi hiyo wakiwa na miwani ya jua tu, bila barakoa, ndani ya vibanda vya mabati. Anayehofia nano kwa dhati aanzie hapo, maana hapo hatari imekwisha kufika.

Somo la fundi huyo linaelekeza sheria inayofaa. Hatari iko hewani. Chembe iliyofungwa ndani ya gundi ya rangi iliyokauka haipeperuki, na chembe iliyo ndani ya maji au mafuta haivutwi na pumzi, isipopulizwa kwa bomba. Kuna nyakati mbili tu ambapo fundi rangi anayetumia brashi anaweza kukutana nayo ikiwa huru: anapofungua mfuko wa unga na kuukoroga, na anapopiga msasa rangi ya zamani. Ya kwanza inazuilika kabisa kwa kuagiza bidhaa ikiwa uji mzito, jambo ambalo watengenezaji wengi hulifanya tayari kwa sababu zao wenyewe, kwani chembe za nano zikikaushwa hugandamana na ni kazi kubwa kuzitenganisha tena. Ya pili inapunguzwa kwa msasa wa maji, ambao mafundi wa magari wanautumia siku zote. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) hauhitaji maabara ya mamilioni kusimamia masharti haya. Mkaguzi akiona mfuko mkavu, anajua sharti limevunjwa.

Ziwa litaathirika?

Swali la pili la wenye shaka ni ziwa. Watafiti nchini Uswisi walionyesha mwaka 2008 kwamba chembe za nano za dioksidi ya titani huoshwa na mvua kutoka kwenye kuta za nje zilizopakwa rangi na kufika kwenye vijito. Kwa hiyo mtu asiseme chembe hubaki ukutani milele. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana popote pengine duniani, na usipa unaoanikwa kwenye vichanja vya ufukweni ni chakula na fedha ya kaya nyingi. Shaka ya mvuvi ni ya haki.

Hata hivyo chuma kina historia tofauti katika ziwa hili. Mto Ruhuhu, unaoingia ziwani kaskazini mwa Lituhi, humwaga kila masika udongo wa milimani ulio na oksidi za chuma kwa wingi ambao kuta zote za wilaya za Mbinga na Nyasa haziwezi kuufikia. Ziwa lenyewe, lenye kina cha karibu mita 700, lina tabaka za chini zisizo na oksijeni. Huko chuma huyeyuka. Kinapopanda na kukutana na maji yenye oksijeni hugeuka tena kuwa oksidi na kushuka. Mwaka 1973 wanajiolojia Müller na Förstner waliandika juu ya madini ya chuma yanayoendelea kujijenga sakafuni mwa ziwa hili. Samaki wake wameishi na chembe hizi tangu walipokuwepo.

Ninachokihofia zaidi ni ngozi ya chembe. Chembe za viwandani mara nyingi hupakwa kemikali juu yake ili zisigandamane, na kemikali hizo ndizo zisizo na historia yoyote kwenye maji yetu. Vilevile tina ya kuzimulia rangi, dawa za kuua ukungu na rangi za kukinga chini ya boti zina madhara yanayojulikana zaidi kuliko ya chuma. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) likitaka kulilinda ziwa, lidai lebo itaje mambo matatu: ukubwa wa chembe, zimepakwa nini, na zimo ndani ya kimiminika gani.

Nani atengeneze?

Pingamizi la mwisho ni la mfanyabiashara. China ndiyo mzalishaji mkubwa wa oksidi za chuma duniani, bei yake ni ya chini, na kiwanda kidogo cha Ruvuma hakitashindana. Kwa chembe za nano nakubaliana naye. Kuzitengeneza kunahitaji kudhibiti joto, hewa na uchachu wa maji kwa umakini, na kuzitawanya kunahitaji mashine za kusaga zenye nguvu na umeme usiokatika. Leo tununue.

Kwa unga wa kawaida hesabu ni nyingine, kwa kuwa njia zake ni rahisi na malighafi yake ni taka. Njano nyingi ya viwandani hutengenezwa kwa njia ya Penniman, iliyobuniwa mwanzoni mwa karne iliyopita: vyuma chakavu huwekwa kwenye maji ya moto yenye salfeti ya chuma, hewa ikapulizwa, na kutu ya njano ikakua taratibu. Vyuma chakavu tunavyo, vinapimwa kwa kilo kila mtaa. Huko Ohio, Marekani, mhandisi Guy Riefler na mchoraji John Sabraw wa Chuo Kikuu cha Ohio walichukua maji yenye chuma yanayotoka kwenye migodi ya makaa ya mawe iliyoachwa, wakayageuza kuwa unga wa rangi unaouzwa kwa wachoraji. Mbinga ina machimbo ya makaa ya mawe ya Ngaka, na kila mahali makaa yanapochimbwa penye miamba ya sulfidi ya chuma, maji ya aina hiyo huweza kufuata. Mpango wa kufunga mgodi unaweza kupangwa tangu sasa uwe na mabwawa ya kutuamisha chuma kabla maji hayajaenda mtoni.

Mfano unaonivutia kuliko yote ni wa Falun, Uswidi. Nyumba nyekundu za mbao zilizotapakaa mashambani mwa nchi ile zilipata rangi yake kutoka kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa mji huo. Mabaki huoshwa, huchomwa, kisha hupikwa na maji, unga wa nafaka, salfeti ya chuma na mafuta ya kitani. Unga huo wa nafaka ndio gundi. Ni rangi ya watu wa kawaida, imetumika kwa karne kadhaa, haibanduki kwa magamba bali huchakaa kama vumbi kidogo kidogo, na kupaka upya hakuhitaji kukwangua. Mwambao wa Nyasa una unga wa muhogo, na milimani kuna mahindi. Hakuna sababu ya kutojaribu.

Wapo wanaosema tusubiri Liganga. Chuma cha Liganga, wilayani Ludewa, kinakadiriwa kuwa tani milioni 126, nacho kina titani na vanadi ndani yake, kwa hiyo siku kitakapoyeyushwa kutakuwa na malighafi ya rangi nyekundu na nyeupe kwa pamoja. Mradi huo umezungumzwa kwa miongo mingi. Shule zinapakwa rangi mwaka huu.

Na wapo wanaoogopa kwamba biashara ya udongo itakwangua milima. Hofu hiyo naichukua kwa uzito kuliko zote. Ngolo, yale mashimo yanayopangwa kwa nyasi na kuzungukwa na matuta, yameshika udongo wa Umatengo kwenye miteremko mikali kwa zaidi ya karne, na mtu yeyote atakayepewa leseni ndogo ya uchimbaji kwenye mteremko wa ngolo atakuwa amepewa leseni ya maporomoko. Udongo wa rangi uchukuliwe pale tu ardhi ilipokwisha kukatwa: kingo za barabara kwa usimamizi wa Wakala wa Barabara (TANROADS), mashimo ya tofali, matope yanayozolewa kwenye mitaro. Rangi haihitaji mlima. Tani chache za unga uliooshwa zinapaka nyumba nyingi.

Mbao za aina tatu, vituo viwili

Kuosha kwenyewe hakuhitaji mtaji mkubwa. Udongo hukorogwa kwenye debe la maji, ukaachwa dakika moja mchanga ushuke, na maji mekundu ya juu yakamiminwa kwenye chombo kingine. Yakilala usiku kucha, asubuhi chini kuna tope laini lisilokwaruza kati ya vidole. Hilo ndilo linalokaushwa, likachomwa likihitajika, likasagwa likiwa na mafuta ndani yake ili vumbi lisiruke. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO) lina uzoefu wa kufundisha kazi za ukubwa huu, na Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA) inafundisha mafundi rangi na maseremala watakaoitumia.

Kabla ya kumwomba yeyote mtaji, jaribio moja lifanyike. Zitengenezwe mbao za mninga, mkaratusi na msindano za kipimo kimoja, zipakwe vanishi tupu, vanishi yenye oksidi ya nano iliyonunuliwa ikiwa uji, rangi ya mtindo wa Falun iliyopikwa kwa unga wa muhogo, na redi oksaidi ya dukani. Nusu zitundikwe Mbinga mjini kwenye ubaridi na mvua, nusu Mbamba Bay kwenye jua na upepo wa ziwa, zielekezwe upande mmoja, zipigwe picha kila mwezi. Maji yanayotiririka kutoka kwenye kila ubao yakingwe na kupimwa chuma, risasi na kemikali za chembe. Gharama yake ni ndogo kuliko kupaka shule moja. Kama vanishi ya nano itakuwa imebanduka kabla masika ya pili hayajaisha, au maji yake yakikutwa na kitu kisichotajwa kwenye lebo, isiingizwe kwenye zabuni yoyote ya wilaya za Mbinga na Nyasa, na fedha iende kwenye rangi ya udongo na muhogo.